Kikorogeo cha sumaku-umeme kwenye usubu wa alumini: dalili, sababu na tiba

Mwongozo huu ni wa karakana ndogo, Unguja au Pemba, inayosubu alumini na kuikoroga kwa sumaku-umeme wakati inaganda. Kikorogeo chenyewe ni stata (sehemu isiyozunguka) ya mota ya fezi tatu: rota (sehemu inayozunguka) imetolewa, kalibu imekaa mahali pake. Uga sumaku unaozunguka huibua mikondo ya umeme ndani ya metali ya majimaji, mikondo hiyo husukumana na uga huohuo, na metali huzunguka bila kuguswa na kitu. Kinachotafutwa ni chembe ndogo za mviringo badala ya zile ndefu zinazoota kutoka ukutani na kukutana katikati kwa mstari dhaifu. Ufa ukitafuta pa kupita, hupita kwenye mstari huo.

Ukisikia fundi anasema "sumaku haina nguvu", usiamini upesi. Mara nyingi uga unatosha; kilichokosewa ni chungu, kalibu, au wakati wa kuwasha. Ndiyo maana hapa chini tunaanza kwa kutenganisha upande wa umeme na upande wa metali. Tiba zake hazifanani, na fundi anayeongeza ampea ili kutibu kosa la metali huishia kuunguza stata na metali ikabaki vilevile.

Vipimo vya mfano: stata ya mota ya kW 7.5, nguzo 2 (ncha za sumaku zinazoundwa na koili zake), tundu la milimita 130. Ndani ya tundu kuna nafasi ya hewa ya milimita 5, kisha blanketi la nyuzi za kauri la milimita 20, kisha kalibu ya stenlesi yenye kipenyo cha nje cha milimita 80 na ukuta wa milimita 3. Metali inabaki na kipenyo cha milimita 74. Ukiijaza hadi sentimita 12 unapata kilo 1.2 hivi. Aloi ni AlSi7Mg, yaani alumini yenye silikoni karibu asilimia 7 na magnesi kidogo, ambayo ndiyo ya rimu nyingi za magari.

Mambo mawili hayana mjadala. Stata isiyo na rota haiungwi moja kwa moja kwenye volti 400, hata kwa sekunde moja ya kujaribu. Na maji hayakaribii alumini iliyoyeyuka: sakafu ya saruji chini ya stata ifunikwe mchanga mkavu wa sentimita 5, kwa sababu saruji yenye unyevu ikimwagikiwa metali hupasuka na kurusha vipande.

Metali haizunguki, au inajivuta tu

Kabla ya kuyeyusha chochote, tafuta kopo la soda la alumini. Lijaribu kwa sumaku ya spika. Likinata ni la chuma, tafuta jingine. Likate mdomo, lifunge uzi, lining'inize katikati ya tundu la stata tupu. Panda volti taratibu kuanzia 20 huku klampu mita (kipima ampea cha kubana waya) ikiwa kwenye waya mmoja.

Kopo likishika kasi na kuzunguka bila kusita, upande wa umeme ni mzima. Usiuguse tena.

Kopo likitetemeka tu, au likasubiri lisukumwe kwa kidole kisha likakubali kwenda upande wowote unaolisukumia, fezi moja haipo. Uga wa fezi mbili zilizobaki hauzunguki, unapiga mahali pamoja. Pima ampea za nyaya zote tatu: zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 10, tafuta fyuzi iliyokatika au ncha za kontakta zilizoota kutu ya kijani, jambo la kila siku kwa karakana inayopigwa na upepo wa bahari. Kama ampea zipo kwenye nyaya zote tatu lakini kopo bado linatetemeka, na stata imesukwa upya karibuni, mwulize aliyeisuka: kundi moja la koili limeungwa kichwa chini miguu juu.

Kopo likizunguka lakini kwa uvivu hata ampea zikifika zilizoandikwa kwenye kibao cha mota, angalia idadi ya nguzo. Stata ya nguzo 2 ina uga unaokaribia kuwa sawa tundu zima. Ya nguzo 4 uga wake ni sifuri katikati na unakua kadiri unavyoelekea ukutani. Kwa vipimo vyetu, ukingo wa metali uko milimita 37 kutoka katikati wakati meno ya stata yako milimita 65, kwa hiyo nguzo 4 zinafikisha asilimia 57 tu ya uga. Msukumo hufuata mraba wa uga, basi kinachobaki ni theluthi moja. Ukiwa na nafasi ya kuchagua mota ya chakavu, chukua ya mzunguko wa 2,900 na kitu kwa dakika, acha ya 1,400.

Hatua ya pili ni kuweka kalibu tupu ndani ya stata na kulining'iniza kopo ndani ya kalibu. Hapa ndipo wengi hukamatwa. Likiwa linazunguka nje ya kalibu na kusimama ndani yake, kalibu inazuia uga. Uga wa 50 Hz hupenya chuma cha kawaida kwa milimita 1 au 2 tu kabla ya kufifia, kwa hiyo bomba la maji lililokatwa au mtungi wa gesi ni ukuta kamili. Wala usitegemee kwamba moto utakiondolea chuma usumaku wake: hilo hutokea kwenye nyuzi 770 hivi, nawe unasubu kwenye 700. Kwenye stenlesi uga hupenya milimita 60, kwenye grafati zaidi ya 200. Kwenye shaba ngumu ni milimita 9, kwa hiyo kalibu nene ya shaba inakula sehemu kubwa ya uga japo sumaku haiinati. Sufuria ya stenlesi ya dukani yaweza kufaa, ila nyingine hunata sumaku kidogo kwenye pembe zilizokunjwa. Kunata kidogo si tatizo, kunata kwa nguvu irudishe jikoni.

Kopo linazunguka ndani ya kalibu lakini metali imetulia? Sababu zimebaki tatu. Ya kwanza ni kimo: katikati ya metali pakutane na katikati ya kiini cha chuma cha stata, si na vichwa vya koili vinavyochomoza juu yake. Ya pili ni utandu. Alumini hujifunika utandu wa oksidi papo hapo, na utandu ukishika ukingo wa kalibu unasimama kama kifuniko huku chini yake metali inazunguka. Uondoe kwa mwiko mkavu, nyunyiza majivu makavu kidogo sana, uangalie yanakokwenda. Ya tatu ni kwamba umechelewa, metali imeshakuwa uji. Tutairudia, kwa kuwa ndiyo kubwa.

Metali ikizunguka, usikisie kasi. Pima shimo linalojitokeza katikati ya uso. Kwa kipenyo cha milimita 74, tofauti ya kimo kati ya ukingo na katikati ni karibu milimita 3 kwa mizunguko 60 kwa dakika, milimita 11 kwa mizunguko 120, na milimita 31 kwa mizunguko 200. Ni makadirio, maana metali haizunguki kama kitu kigumu, lakini yanatosha. Kaa chini ya milimita 10.

Stata inachemka, breka inaanguka, inveta inalalamika

Ukitoa rota umeacha pengo kubwa la hewa, na stata inahitaji mkondo mwingi sana kulijaza uga pengo hilo. Mota ya kW 7.5 ina ampea 15 hivi kwenye kibao. Bila rota, ampea hizo hufika kabla volti hazijapita 100. Kipimo cha kufuata ni ampea, volti ziache zikae zinapokaa. Na kwa kuwa feni ya mota nayo imeondoka pamoja na rota, usizidishe asilimia 80 ya ampea za kibao, kwa vipindi vya dakika 3 vinavyofuatwa na mapumziko ya dakika 10.

Kwenye veriaki (transfoma ya kupandisha na kushusha volti kwa mkono) ya fezi tatu kazi ni rahisi. Kwenye inveta (kifaa cha kielektroniki cha kubadili volti na masafa ya mota), mambo manne hurekebishwa. Chagua mfumo wa kawaida wa volti kwa masafa, kwani ule wa kisasa unaotafuta rota utaikosa na kukatika. Zima ongezeko la nguvu ya kuanzia. Zima fidia ya mtelezo. Kisha danganya masafa ya msingi: zidisha 50 kwa volti za inveta, gawa kwa volti unazotaka. Inveta ya volti 400 ukiitaka itoe 80 kwenye 50 Hz, iandikie masafa ya msingi ya 250 Hz, halafu ifunge isipande zaidi ya 50. Usiiruhusu ijipime mota yenyewe, na usiweke kapasita upande wa kutokea. Ampea zisome kwenye kioo cha inveta, maana klampu mita za bei nafuu hudanganyika na umeme wake uliokatwakatwa.

Jenereta ndogo likizama ingawa mzigo unaonekana mdogo, hesabu kVA, si kW. Volti 80 kwa ampea 15 ni karibu kVA 2.1, na sehemu kubwa yake ni mkondo unaokwenda na kurudi bila kufanya kazi. Mita ya TUKUZA, ile ya umeme wa kulipia kabla, haitaushtukia sana, lakini waya na jenereta vinaubeba wote. Tena jenereta hupoteza masafa likielemewa, na masafa yakibadilika kasi ya kukoroga inabadilika pamoja nayo, kwa hiyo matokeo ya jana hayatakuwa ya leo.

Kama ampea ziko sawa na bado koili zinapanda joto, joto linatoka kwenye kalibu. Vanishi ya daraja F inaishia nyuzi 155. Ukifunga thamokapo (kipimajoto cha nyaya) kwenye kichwa cha koili, simama ikifika 120. Ongeza blanketi, elekeza feni kwenye mwanya wa hewa (si kwenye kalibu), na uiache feni ikizunguka hata baada ya kuzima umeme, kwa kuwa joto la kalibu huendelea kuingia. Usizibe mwanya kwa makumbi ya nazi, hata kwa jaribio. Yatawaka.

Breka ya uvujaji ya miliampea 30 ikianguka asubuhi na kukaa vizuri mchana, stata imelala na unyevu. Pima kwa mega (kipima uimara wa kihami cha koili) ya volti 500: chini ya megaomu 1 haiwashwi. Ikikaa siku nyingi karibu na pwani huwa na chumvi pia, na chumvi hunyonya maji upya kila usiku, hivyo kuikausha tupu hakutoshi. Ioshe kwa maji baridi ya bomba, ikaushe kwenye nyuzi 80 hadi 90 mpaka kipimo kipande na kutulia, ndipo uipake vanishi. Lakini breka ikianguka wakati inveta ndiyo inayowasha, yaweza kuwa uvujaji wa kichujio cha inveta yenyewe. Linganisha kwa kuwasha inveta bila kuunga stata.

Inazunguka vizuri, lakini ukikata kitu chembe bado kubwa

Hii ndiyo dalili inayostahili muda wako, kwa sababu hapa kila kitu kinaonekana sawa.

Kwanza hakikisha unachokiona. Kata kwa msumeno katikati, piga msasa namba 120, 240, 400, kisha 600. Weka maji yasiyo ya moto kwenye chombo cha stenlesi, tia kidogo kidogo kostiki gramu 10 hadi 15 kwa kila mililita 100, ileile wanayotumia akina mama wa sabuni ya mwani, ikishayeyuka ndipo upashe hadi nyuzi 60 au 70. Kostiki iingie kwenye maji, si maji kwenye kostiki; fanyia nje, vaa miwani na glavu, na usitumie sufuria ya alumini maana itatoboka. Zamisha kipande dakika 5 hadi 10, osha. Alumini safi huonyesha chembe wazi. Yenye silikoni nyingi hugeuka nyeusi na chembe hazisomeki vizuri. Kwa hiyo kata kitu ulichosubu hadi nusu ya unene, ukivunje kwa nyundo, uangalie mvunjiko: chembe ndefu huonekana kama nyuzi zinazoelekea katikati, ndogo huonekana kama mvunjiko wa rangi moja, laini.

Sasa sababu. AlSi7 huanza kuganda kwenye nyuzi 614 hivi na sehemu ya mwisho huganda karibu na 577. Katikati ya joto hizo metali ni uji: vijiti vyenye matawi vinaelea ndani ya majimaji yenye silikoni zaidi. Kukoroga hufanya kazi mbili ndani ya dirisha hilo. Huondoa joto la ziada ili metali yote ifike mahali pa kuganda kwa pamoja, na hupeleka majimaji ya moto kwenye mashina ya matawi, yakayeyuka na kuachia vipande. Kila kipande kinachosalimika ni mbegu ya chembe mpya. Ukikoroga metali ikiwa nyuzi 680, vipande vyote vinayeyuka na kupotea, umepoza tu. Ukianza kwenye 580, nusu ya metali imeshakuwa ngumu na matawi yameshikana. Umeme unasukuma kitu kisichosogea.

Washa pale katikati ya metali inapofika 630. Zima ikifika 590, ambapo ngumu ni karibu asilimia 38. Kwa aloi nyingine tafuta joto lake la kuanza kuganda na ufuate mantiki hiyohiyo: juu yake kidogo unawasha, theluthi ikishakuwa ngumu unazima.

Ni sekunde ngapi? Hilo huamuliwa na kalibu yako, na hulipati kwenye kitabu. Mimina mara moja bila kukoroga, thamokapo ikiwa katikati, andika joto kila sekunde 5. Mahali ambapo joto linapunguza kushuka ghafla ndipo kuganda kunapoanza. Palipotulia kabisa ni mwisho wa uji. Mkunjo huo wa karatasi ni bora kuliko ampea 5 za ziada.

Dirisha likiwa la sekunde chache tu, kalibu ni baridi mno au nene mno. Ipashe hadi nyuzi 250 na uipake udongo mweupe mwembamba uliokaushwa vizuri. Kitu chembamba, kwa mfano ubawa wa milimita 5, hakitibiki kwa njia hii: kinaganda kabla mzunguko haujashika. Kukoroga ni kwa vitu vizito.

Joto la kumimina nalo lina mkono wake. Kuna mazoea ya kupandisha hadi 780 "ili ijaze vizuri". Kwa kalibu iliyopashwa, 680 hadi 700 inatosha, na kila nyuzi ya ziada inapunguza mbegu.

Halafu kuna aloi. Waya za umeme ni alumini karibu safi, hazina dirisha la kutosha. Kwa hizo fimbo ya kufanya chembe ziwe ndogo, yenye titani asilimia 5 na boroni 1, gramu 1 hadi 2 kwa kilo, hufanya zaidi kuliko stata. Pistoni za magari zina silikoni karibu asilimia 12, yaani zinaganda karibu zote kwenye joto moja, na kukoroga kunasaidia kidogo. Rimu ndizo zinazolipa. Anayechanganya rimu, pistoni na makopo kwenye chungu kimoja hajui dirisha lake liko wapi, na hakuna mpangilio wa swichi utakaomfaa.

Kama katikati ya kitu ni safi lakini sentimita ya juu ina chembe ndefu, mzunguko wa upande mmoja umezoeleka: metali inazunguka yote pamoja kama gurudumu, bila kuchanganyika juu na chini. Badili upande kila sekunde 5 hadi 10. Kwenye inveta ni swichi, kwenye veriaki ni kontakta mbili zinazobadilishana fezi mbili, zenye kufungana ili zisiingie kwa pamoja.

Kuongeza kina kwa kushusha masafa kuna maana kwa kalibu kubwa tu. Kwenye 50 Hz uga hupenya alumini ya majimaji milimita 35, karibu sawa na nusu kipenyo chetu. Kwenye 10 Hz hupenya 78, lakini msukumo unapungua. Kwa kipenyo cha milimita 150 jaribu 15 hadi 20 Hz. Kwa 74 baki 50.

Vitundu na utandu ndani ya kitu

Soma umbo lake. Vitundu vya duara vyenye kuta zinazong'aa ni gesi ya haidrojeni. Mistari iliyokunjwakunjwa, yenye rangi ya kijivu, ni utandu wa juu uliomezwa. Mashimo yenye kingo chakavu, ya matawimatawi, ni kusinyaa: metali ilikosa ya kuilisha, na hilo huponywa na mdomo mkubwa wa kulishia, umeme hauhusiki.

Utandu uliomezwa ni kosa la kasi. Shimo la katikati likizidi milimita 10 linavuta uso ndani. Punguza ampea, au weka kizibo cha udongo wa kauri kilichopashwa moto kinachogusa uso. Kama unataka kuusimamisha mzunguko upesi baada ya kuzima, upeleke mkondo wa moja kwa moja kwenye fezi mbili kutoka betri ya volti 12: uga usiozunguka huizuia metali isogee. Kontakta ya betri ifungwe isiingie kabla ya ile ya umeme mkuu kutoka, na ampea zisizidi za kibao.

Haidrojeni inatoka kwenye maji, na hapa maji yako kila mahali. Alumini ya majimaji kwenye nyuzi 660 hubeba haidrojeni mililita 0.69 kwa gramu 100. Ikishaganda hubeba 0.036 tu. Tofauti hiyo lazima itoke, na isipotoka inakuwa vitundu. Kukoroga hakuzalishi haidrojeni, ila kunaleta metali mpya juu kila mara, na wakati wa masika uso huo unakutana na hewa iliyoloa. Vyuma chakavu vilivyolala nje vina chumvi na maji kwenye mikunjo. Vipashe hadi nyuzi 200 kabla havijaingia kwenye chungu. Mwiko, fimbo, hata majivu ya kunyunyiza, vyote vipashwe. Moto wa vifuu au makaa usilambe uso wa metali moja kwa moja, kwa kuwa moshi wake una mvuke, weka kifuniko. Kama unapata gesi ya agoni ya mafundi wa kuchomelea, ipitishe kwa bomba la grafati hadi chini ya chungu, lita 2 hadi 3 kwa dakika kwa dakika 5 hadi 10, uso ukipepesuka bila kurukaruka.

Kujua kama umefaulu hakuhitaji maabara. Pima kipande kikavu kwenye mizani, kisha kikiwa kimening'inia ndani ya maji. Gawa uzito wa hewani kwa tofauti ya hizo mbili. AlSi7 nzima ni karibu 2.68. Ukipata 2.55, asilimia 5 ya ulichouza ni hewa.

Pete ya rangi tofauti, au mahali panapokula kisu cha kukerezea

Pete inayozunguka mahali fulani kati ya ukuta na katikati ni alama ya kukoroga kwa nguvu mno huku ukuta unaganda. Majimaji yenye silikoni nyingi yameoshwa kutoka kati ya matawi na kupelekwa katikati. Mara nyingi pete inaonyesha hasa ukuta ulikuwa umefika wapi ulipowasha au kuzima ghafla. Panda na shuka na ampea kwa sekunde 5 badala ya kukata, na badili upande.

Madoa magumu yana chanzo kingine. Kama aloi ina silikoni zaidi ya asilimia 13, fuwele za silikoni zinaganda kwanza na mzunguko unazikusanya upande mmoja. Kama ni ya rimu, shuku chuma: fito za chuma za kukorogea, chungu kisichopakwa, skrubu zilizoyeyuka na chakavu. Alumini ya moto hula chuma taratibu, na chuma kikizidi hutengeneza sindano ngumu zinazovunjika. Kukoroga huzikatakata kidogo, kuziondoa hakuwezi. Ng'oa skrubu zote kabla.

Nyufa zinazotokea kitu kikiwa bado moto

Umekoroga hadi mwisho. Uji ulioshikana ukisukumwa unachanika, na majimaji yaliyobaki hayatoshi kujaza. Zima mapema, kwenye 590 si 577. Ufa ukija hata bila kukoroga, kalibu inakibana kitu kisisinyae.

Kipimajoto kinarukaruka stata ikiwaka

Uga unaingia kwenye nyaya za thamokapo. Zisokote pamoja hadi kwenye mita, tumia ile yenye ala ya stenlesi ya milimita 3, ipitishe juu moja kwa moja na si kando ya koili. Ikiendelea, zima stata sekunde moja, soma, washa.

Bronzi: kalibu inatoa povu

Kikorogeo hichohicho hukoroga bronzi (shaba yenye bati), lakini inamiminwa kwenye nyuzi 1,100 au zaidi, kwa hiyo kalibu ni ya grafati au mchanga na blanketi liwe maradufu. Metali ikitokota kandokando ya mchanga hata kabla hujawasha, angalia mchanga wenyewe. Mchanga mweupe wa ufukweni ni matumbawe na magamba yaliyosagika, na kwenye joto hilo hugeuka chokaa na kutoa gesi, kazi ileile ya tanuu la chokaa. Kamulia ndimu kwenye mchanga ulioshika kiganjani: ukichemka, haufai kwa bronzi, na kwa alumini una chumvi na unyevu wa kutosha kukuharibia pia. Chukua mchanga wa mashimoni usiochemka, uuoshe kwa maji baridi, uukaushe juani na kisha motoni. Shaba yenye zinki usiikoroge kwa njia hii ndani ya banda: zinki huchemka kwenye nyuzi 907, chini ya joto la kumimina, kukoroga kunaleta zinki mpya juu kila sekunde, na moshi mweupe unaotoka humtia fundi homa usiku huohuo.